Kabla chuo hakijanunua sola

Kila chuo ninachoitwa kuangalia umeme hapa Tabora, mazungumzo huanza na sola. Kamati imeshaomba makadirio, mimi natakiwa kusema paneli ziwe ngapi. Huwa nawaomba kwanza wanisomee mita mara mbili: Jumapili saa tano usiku, kisha saa kumi na moja alfajiri. Madarasa yamefungwa, ofisi zimefungwa, maabara ina kufuli. Uniti zilizoliwa hapo katikati hakuna mhadhiri wala mwanafunzi wa kusingiziwa. Zimeliwa na majengo. (Kama chuo kina transfoma yake, mita huenda ikawa ya kuzidisha, yaani namba inayoonyesha si uniti kamili mpaka uizidishe. Waulizeni TANESCO kizidisho ni kipi, la sivyo mtashangilia uniti chache ambazo si chache.)

Ukishaipata hiyo namba, chukua tochi utembee na mlinzi.

Chuo kimoja tulikuta ushahidi umeota ardhini. Ilikuwa mwezi wa tisa, na mnajua Tabora ya mwezi wa tisa: nyasi zote zimekuwa rangi ya mkeka, mvua haiji mpaka Novemba. Lakini chini ya mnara wa tangi la bweni palikuwa na kijani kibichi cha kufungia mbuzi. Nikamulika juu, maji yanatiririka kwenye bomba la ziada. Boya linalozuia maji tangi likijaa lilishakwama zamani, pampu inasukuma maji tangini na tangi linayamwaga. Mlinzi akanijibu bila wasiwasi wowote, "Hiyo, fundi, huzimwa asubuhi, kijana wa maji akifika." Pampu ya kilowati 2.2 ikizunguka bure kwa muda wa saa nane inakula zaidi ya uniti 17, na hapo sijagusa bili ya maji. Dawa yake ni boya, na mtu mmoja mwenye jina lake ubaoni anayewajibika kulikagua.

Taa za nje nazo zina tabia hiyohiyo. Zinawashwa na mlinzi wa usiku, wa mchana hajui swichi iko wapi. Taa 10 za wati 100 zikiachwa zinawaka saa 12 za mchana ni uniti 12 kwa siku, 360 kwa mwezi, kwa ajili ya kulimulikia jua. Fungeni fotoseli, kile kifaa kidogo kinachozima taa chenyewe kukipambazuka. Halafu kipandeni ngazi mkifute vumbi mara mojamoja, maana kikichafuka kinadhani ni usiku.

Friji za maofisini sizisemi sana, nimeshagombana na watu wa kutosha. Likizo ndefu ikifika, zitolewe vitu na zichomolewe. Kompyuta za maabara zizimwe kwenye soketi, si kioo tu.

Mchana shida yetu ni joto, na hapa vyuo vingi hukimbilia kiyoyozi kabla ya kutazama juu. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambao mvua bado na joto ndiyo limekolea. Saa sita mchana jua halipigi ukuta, linapiga bati. Darasa lenye bati tupu juu ya vichwa vya watu 80 litakishinda kiyoyozi chochote mtakachonunua. Wekeni dari, mfungue matundu ya hewa pande zote mbili za paa ili joto lililonaswa kwenye kenchi lipate pa kutokea, na bati likianza kuchakaa lipakwe rangi nyeupe badala ya ile nyekundu tunayoipenda. Madirisha ya magharibi ndiyo yanayoleta taabu ya jioni. Huko pandeni mti. Miembe hapa haihitaji kubembelezwa.

Halafu feni. Feni ya darini hula kama wati 70, kiyoyozi cha kawaida cha ofisi hupita wati 1,000 kikiwa kinapoza. Ofisi yenye vyote viwili inaweza kuweka kiyoyozi nyuzi 26 na feni ikazunguka, na mtu asione tofauti na yule aliyejifungia kwenye 18 akivaa koti. Zile regyuleta za zamani za feni, kubwa, zinazopata moto ukizishika, zibadilishwe: feni ikipungua kasi, sehemu ya umeme inageuka joto ukutani.

Kwenye taa za darasa watu wote wanajua LED, sirudii. Ambalo halitajwi ni swichi. Kumbi nyingi zina swichi moja inayowasha taa zote, hata safu iliyo dirishani. Fundi azigawe kwa safu zinazofuata dirisha, ili mchana iwake ya upande wa ndani tu.

Mabwenini, hita za koili mtazikamata na zitarudi. Mwanafunzi anataka chai na maji ya kuoga mwezi wa saba, asubuhi ya Tabora si ya mchezo. Jengeni jiko moja la pamoja lenye mita yake ndogo, na soketi za vyumbani zibaki za simu na kompyuta. Waya zenu zitadumu pia.

Sasa ndipo tuongee sola. Chuo kina bahati kwamba kazi zake nyingi ni za mchana, paneli zinazalisha na madarasa yanakula hapohapo. Kinachopandisha bei ni betri, na betri zinanunuliwa kwa ajili ya usiku, yaani kwa ajili ya vitu kama ile pampu. Mkishapunguza mzigo wa usiku, betri zinapungua. Kwa hiyo mkiitisha zabuni, kila mzabuni aandike bei ya paneli mbali na bei ya betri, na aseme betri zake zinahesabiwa kuhudumia nini saa nane usiku. Asiyeweza kulijibu hilo hajafika kwenye majengo yenu.