Maswali ya Wasomaji: Usukani Unaocheza kwenye Vani ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki vani ya Nissan Caravan, lile umbo la E24 ambalo wengi wetu tulilipanda lilipokuwa matatu, na huitumia kubeba ndizi kutoka Chavakali hadi soko la Kibuye mjini Kisumu. Tangu mvua za masika, usukani unacheza: ninauzungusha kidogo na gari halijibu mpaka nifike mbali, na nikiteremka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo gari hutangatanga barabarani hata kama hakuna upepo. Tairi la mbele la kushoto limelika upande wa ndani. Fundi wa kwanza alitaka kukaza stering boksi. Wa pili alisema nibadilishe kila kitu cha mbele, kwa bei inayokaribia thamani ya gari lenyewe. Nina jeki, seti ya spana na nyundo, na mpwa wangu aliyesomea ufundi wa magari yuko nyumbani. Je, tunaweza kuifanya kazi hii wenyewe uani?
Msomaji, Chavakali

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya kazi hiyo mnaweza kuifanya nyumbani, ila msinunue hata nati moja kabla ya kujua ni kiungo kipi kilicholegea. Kwa jinsi unavyoeleza, hakuna fundi hata mmoja kati ya wale wawili aliyelala chini ya gari huku mwenzake akiutikisa usukani, na bila kipimo hicho kila mmoja alikuwa akikisia tu.

Katika gari lako, nguvu ya mkono hupitia kwenye stering boksi, yaani kisanduku cha meno kinachopokea mzunguko wa usukani, ikatokea kwenye pitman amu, mkono mfupi unaotoka kwenye boksi hiyo, ikavuka kwenda upande wa pili kwa fimbo ndefu ya katikati ambayo mafundi huiita senta linki, kisha ikagawanyika kwenye fimbo fupi mbili ziitwazo tairodi, moja kwa kila gurudumu. Upande wa abiria, senta linki hushikiliwa na mkono mfupi uliofungwa kwenye chasi, yaani aidla amu. Karibu kila mahali vipande hivi vinapokutana pana kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake mpira wa kukinga. Mpira huo ukipasuka, vumbi la murram na maji ya matope huingia, na grisi iliyochanganyika na vumbi husaga chuma kama msasa. Kwa kuwa viungo ni vingi, kulegea kidogo kidogo kwa kila kimoja hujumlishwa, na jumla yake ndiyo unayoihisi mkononi.

Anzeni na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote mahali tambarare, si juu ya jeki, kwa sababu uzito wa gari ndio unaofanya kiungo kilicholika kijitokeze. Zuieni magurudumu, mmoja akae kwenye kiti cha dereva na autikise usukani kushoto na kulia kwa kipande kifupi tu, bila kuchoka, huku mwingine akiwa chini ameweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu, vidole vikigusa pande zote mbili za kiungo. Kiungo kizima husogea pamoja kama kipande kimoja. Kilicholika utasikia upande mmoja ukianza kwenda kabla ya wa pili, mara nyingine kwa mlio mdogo wa "tik" ambao sikio linaukosa lakini kidole hakiukosi. Vitabu vingi vya watengenezaji wa Japani huruhusu mchezo wa takriban sentimita tatu kwenye ukingo wa usukani kwa magari yenye stering boksi, kwa hiyo msitafute usukani usiocheza kabisa, maana hamtaupata.

Aidla amu iangalieni kwa makini kuliko vyote. Ishikeni karibu na inapoungana na senta linki, muisukume juu na kuivuta chini kwa nguvu za mkono. Ikipanda na kushuka waziwazi, bushi yake, yaani mkebe wa ndani unaoizungukia, imekwisha, na gari litatangatanga hata mkibadilisha tairodi endi zote nne, yaani viungo vya ncha za tairodi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kinachosahauliwa zaidi kwenye vani za aina hii, kwa sababu kimejificha na kwa sababu gurudumu likinyanyuliwa na kutikiswa, lawama yote huangukia tairodi. Pia kagueni bolti zinazofunga aidla amu na stering boksi kwenye chasi. Kwenye gari lililopita miaka mingi katika barabara mbovu, bolti iliyolegea au chasi iliyopasuka pembeni ya bolti si jambo geni, na ufa wa chasi si kazi ya uani.

Baada ya hapo ndipo mnyanyue gurudumu moja moja. Mkilishika kushoto na kulia likicheza, tatizo mara nyingi liko kwenye tairodi. Mkilishika juu na chini likicheza, shukuni beringi ya gurudumu au bolijointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu kwenye sasipensheni, na njia ya kutofautisha ni kumwomba mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Tairi lililolika upande wa ndani linalingana na magurudumu yaliyoachana kwa mbele, jambo ambalo viungo vilivyolegea huweza kulisababisha.

Mkishajua, nendeni dukani na namba ya chasi iliyo kwenye logibuku, na ikiwezekana na kipande cha zamani mkononi, kwa kuwa tairodi endi ya ndani na ya nje hazifanani, na umbo moja la gari lilitoka na vipande vya vipimo tofauti. Linganisheni unene wa mkia uliochongoka wa kiungo, urefu na upande wa thredi. Kimoja kikiwa kimekwisha, cha upande wa pili chenye umri uleule nacho kinunuliwe, kwani kazi ya kupanga magurudumu italipiwa mara moja badala ya mbili. Nisingenunua kiungo kilichotumika cha usukani hata kikiitwa cha Japani. Injini kuukuu ikizimika hukuacha kando ya barabara, lakini kiungo cha usukani kikichomoka hakikupi nafasi ya kuchagua utasimama wapi.

Kuhusu kazi yenyewe, jambo la kwanza ni ardhi. Udongo wa Vihiga baada ya mvua humeza jeki taratibu bila mtu kutambua, kwa hiyo tandazeni ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi za chuma. Msitumie matofali wala mawe ya kujengea kushikilia gari, kwa sababu hupasuka ghafla. Kama hamna stendi, azimeni.

Siku moja kabla, safisheni thredi kwa brashi ya waya na mzipake mafuta ya kulegeza kutu. Kabla ya kulegeza chochote, pimeni kwa rula umbali kutoka katikati ya kiungo hadi alama mtakayoiweka kwenye bomba la tairodi, muuandike, na tena mhesabu mizunguko wakati mnaifungua endi ya zamani. Vipimo viwili vikikubaliana mtakuwa karibu sana na mpangilio wa awali. Kumbukeni kwamba bomba hilo lina thredi ya kawaida upande mmoja na ya kinyume upande wa pili, na wengi wamevunja spana wakikaza huku wakidhani wanafungua.

Chomoeni spliti pini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, legezeni nati lakini iacheni kwa thredi chache ili kiungo kisiruke, kisha tumieni pula, kifaa cha kuchomolea kiungo. Msipokuwa na pula, gongeni pembeni ya jicho la mkono wa gurudumu, yaani pale mkia wa kiungo ulipoingia, kwa nyundo huku nyundo nyingine nzito imeegemezwa upande wa pili. Mshtuko huo huachanisha mkia uliochongoka na tundu lake. Msigonge ncha ya thredi, na msipashe moto wa gesi, kwa sababu joto huharibu ugumu wa chuma kinachobeba usukani wenu. Futeni tundu hadi liwe kavu na safi. Kama tundu limekuwa na umbo la yai, tairodi mpya haitalikaa sawasawa, na mkono wenyewe ndio wa kubadilishwa.

Mkifunga, nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la pini lisipolingana ikazwe mbele kidogo mpaka lilingane. Kamwe isirudishwe nyuma. Mkia ukizunguka pamoja na nati, ukandamizeni kiungo kwa kipande cha mti huku mkikaza. Spliti pini iwe mpya na miguu yake ikunjwe. Hakikisheni viungo vya pande mbili za bomba havijapindana, kisha funga za bomba, yaani vibano vyake, zikazwe. Mwisho, zungusheni usukani kutoka mwisho hadi mwisho, magurudumu yakiwa juu, mkiangalia kwamba hakuna mpira unaovutwa wala kipande kinachogusa kingine.

Skrubu iliyo juu ya stering boksi iguswe baada ya viungo vyote kuwa vizima, na kama mchezo bado umezidi, kwa robo ya mzunguko au pungufu kwa wakati mmoja. Fundi wako wa kwanza angeikaza kwanza, usukani ungekuwa mzito katikati na usingerudi wenyewe baada ya kona, huku meno ya ndani yakilika kwa kasi zaidi, na aidla amu ingali imelegea vilevile.

Kabla ya kuondoka nyumbani, chora mstari mwembamba katikati ya kila tairi la mbele huku ukilizungusha, shusha gari, lisukume mbele kidogo, na upime umbali kati ya mistari miwili kwa mbele na kwa nyuma, katika kimo cha ekseli. Tofauti ya milimita chache, mbele pakiwa pembamba, itawafikisha salama Kisumu kwenye mashine ya wili alainmenti, yaani ya kupanga magurudumu. Nendeni huko siku hiyohiyo, mwendo wa polepole na bila ndizi. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara chini ya NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, nao huangalia mchezo wa usukani, kwa hiyo hifadhini risiti ya mashine hiyo.

SWALI: Fundi wa kando ya barabara aliigonga kofia ya tairodi yangu kwa nyundo na mchezo ukaisha palepale, kwa pesa kidogo sana. Je, kuna ubaya?
Msomaji, Ahero

JIBU: Upo. Kichwa cha ndani kimekwisha kulika na si duara tena. Kofia ikigongwa, kikombe hukibana kikiwa katika pembe moja, na ukikata kona kinabanwa kupita kiasi au kinaachiwa kabisa. Ndiyo maana mchezo hurudi baada ya muda mfupi, safari hii kikombe kikiwa kimepoteza umbo na huenda kimepata ufa. Kichwa kikichomoka, gurudumu moja huelekea linakotaka na usukani hauwezi kulirudisha. Ninajua kwamba fundi amekusaidia siku ambayo huenda hukuwa na pesa, lakini kipande hicho kisivuke wiki hii. Vivyo hivyo kwa wanaojaza vipande vya tyubu ndani ya bushi ya aidla amu.

SWALI: Nilibadilisha tairodi endi mbili nyumbani, gari linaenda moja kwa moja vizuri, lakini usukani umeinama upande wa kulia. Rafiki ameniambia niuchomoe usukani na kuurudisha ukiwa sawa.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiuchomoe. Stering boksi ina katikati yake, mahali ambapo meno yamekaribiana zaidi, na gari linapaswa kwenda moja kwa moja likiwa hapo. Ukiuhamisha usukani utanyooka kwa macho tu, boksi itafanya kazi pembeni ya katikati yake, na gari litakata kona fupi upande mmoja na ndefu upande wa pili. Kilichotokea ni kwamba tairodi moja imekuwa ndefu kuliko ilivyokuwa na nyingine fupi. Legeza funga za mabomba yote mawili, fupisha upande mmoja kwa robo ya mzunguko na urefushe wa pili kwa robo hiyohiyo, ili mpangilio wa magurudumu usibadilike, kisha jaribu gari kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na tambarare. Usukani ukizidi kuinama, umekosea upande, geuza. Ukinyooka, kaza funga zote na umwombe mwenye mashine ya alainmenti athibitishe usukani ukiwa umefungwa katikati, jambo ambalo ni vema ulitaje mwenyewe kabla hajaanza.