Projekta ya boksi: shuka linakula mwanga

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza projekta kwa boksi la viatu, simu na lenzi ya kukuzia maandishi. Kwenye shuka jeupe picha inatokea, lakini imefifia na iko kichwa chini miguu juu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea. Lenzi ndiyo inayopindua picha, kwa hiyo geuza simu kichwa chini na uzime kujizungusha kwa skrini.

Kuhusu kufifia, hebu simama nyuma ya shuka. Utaiona picha huko pia, na mwanga huo wote umekupotea! Mimi nilikunja shuka mara mbili, ikawa afadhali. Bango la plastiki liling'aa katikati, kingo zikabaki gizani. Kilichonifurahisha ni kipande cha jipsamu nilichopiga msasa, nikakipaka mara mbili rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Hata mikunjo ya shati la msomaji habari niliiona.

Tena usitamani ukuta mzima. Upana ukiongezeka mara 2, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara 4. Anza na sentimita 50, chumba kiwe giza totoro, na ndani ya boksi paka rangi nyeusi.