Iceland ya 1845 si Iceland ya Waviking

SWALI: Naandika mchezo wa jukwaani kuhusu familia ya Waviking huko Iceland, karibu mwaka 900. Nimepata kitabu cha Ida Pfeiffer, mwanamke wa Vienna aliyezuru kisiwa hicho mwaka 1845. Ameeleza makazi na maisha ya watu kwa kina. Kwa kuwa kisiwa kiko mbali na hakikubadilika, naweza kutumia maelezo yake kama yalivyo? Na kofia za pembe, je?

JIBU: Ndugu msomaji, kofia tuzimalize haraka. Pembe zilivuma kutokana na mavazi aliyobuni Carl Emil Doepler kwa opera za mtunzi wa muziki Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, 1876. Kofia ya chuma ya Waviking iitwayo ya Gjermundbu, iliyopatikana Norwei mwaka 1943, haina pembe.

Kinachonikera ni hiyo dhana ya kisiwa kisichobadilika, na naletewa kila mara. Baada ya mwaka 900 Waiceland walipokea Ukristo, baadaye wakawa Walutheri, wakabanwa na ukiritimba wa biashara wa Denmark kuanzia 1602 hadi 1787. Mlipuko wa volkano ya Laki wa 1783 uliteketeza mifugo, na njaa iliyofuata ikaua takriban mtu mmoja kati ya watano. Lakini jambo litakaloharibu jukwaa lako ni miti. Walowezi wa kwanza waliishi katika ukumbi mmoja mrefu, moto ukiwaka katikati. Misitu ilipofyekwa, mbao na kuni zikaadimika, baridi nayo ikazidi. Watu wakajibana katika vyumba vidogo vyenye kuta za udongo na nyasi, vilivyounganishwa kwa ujia mwembamba. Nyumba za aina hiyo ndizo alizozikuta Pfeiffer, akalalamikia uchafu wake. Ukiwaingiza wahusika wako humo, umewavusha karne tisa.

Yeye mwenyewe hana kosa. Alikwenda akitarajia watu wema wa maisha sahili, akavunjika moyo, akaandika waziwazi. Kwa Iceland ya 1845, na kwa mawazo ya msafiri wa Ulaya wa wakati ule, ni shahidi wa thamani. Wanaopotosha ni watengeneza video wanaochukua kurasa za wasafiri kama yeye, wakaziwekea muziki wa vita, wakatangaza kwamba Waviking waliishi hivyo. Ni uvivu. Mtu akikuambia jamii yoyote ile imebaki vilevile kwa miaka elfu, mdai ushahidi wa miaka hiyo yote. Hata saga zenyewe, yaani masimulizi ya kale ya Waiceland, nyingi ziliandikwa karne ya 13, kwa hiyo nazo zisome kwa tahadhari.

Kwa vifaa vya nyumbani, anzia kaburi la merikebu la Oseberg, Norwei, la mwaka 834. Humo walizikwa wanawake wawili pamoja na vitanda, ndoo, vyombo vya kufumia na gari la kukokotwa. Hiyo ni mali ya wakubwa, kwa hiyo ukiwa na familia ya kawaida punguza nakshi na idadi.