Maswali ya Wasomaji: Je, blokcheini itatuondolea mashaka ya kura na hati za ardhi?

SWALI: Mhariri, nasikia kwamba blokcheini, teknolojia inayobeba sarafu ya bitikoini, inaweza kuifanya serikali iwe wazi zaidi na ihudumie wananchi kwa haraka, hasa katika uchaguzi na masjala ya ardhi. Je, ni kweli? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, blokcheini ni leja ambayo nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi, na kila ukurasa hubeba alama iliyotokana na ukurasa uliotangulia, hivyo anayechezea andiko la zamani hugundulika. Leja hiyo hulinda kilichoandikwa. Haijui kama karani aliandika ukweli.

Kwenye ardhi ipo mifano ya kutia moyo. Georgia, nchi ya Kaukasi, iliunganisha hati zake za ardhi na leja ya bitikoini mwaka 2017, lakini ilikuwa imeshaisafisha masjala yake na kuiingiza katika kompyuta kabla ya hapo. Mahali ambapo watu wawili wana hati za kiwanja kimoja, teknolojia hii itauhifadhi mgogoro huo kwa uaminifu mkubwa.

Uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa kuwa kura ni siri, ilhali nakala za leja hukaa kwa wengi. Mwaka 2018 habari zilienea kwamba Sierra Leone imepiga kura kwa blokcheini. Tume yake ya uchaguzi ilikanusha, na ikabainika kwamba kampuni ya Agora, iliyokuwa na kibali cha mwangalizi tu, ilirekodi matokeo ya baadhi ya vituo pembeni.

Sisi Wakenya tuna mfano wa karibu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume yetu ya uchaguzi zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, yeyote akaweza kujijumlishia. Hata hivyo makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, ingawa Mahakama iliyathibitisha. Uwazi ule, ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuupata, ulitokana na fomu za karatasi zilizotiwa saini mbele ya mawakala wa wagombea na kupigwa picha.

Kwa hiyo ukiletewa mradi wa blokcheini katika kaunti yako, uliza nani ataingiza taarifa na nakala zitakaa kwa nani. Zikikaa zote katika ofisi moja, hiyo ni hifadhidata ya kawaida iliyoongezewa bei.