Kabla hujamwaga asidi tena, hebu angalia pampu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mabwawa ya majumbani, Masaki, Mbezi Beach, Goba na kwingineko, nilishajisemea nikae kimya mjifunze wenyewe kama sisi tulivyojifunza, ila wiki hii nimepita nyumba moja nikamkuta kijana anamimina asidi kwenye bwawa ambalo jeti zake, yale matundu yanayorudisha maji bwawani, zinatoa mapovu kama soda iliyotikiswa. Namuuliza pH (kipimo cha uchachu wa maji) ngapi, ananiambia "8.2 kaka, haishuki hii, kila nikija naikuta imepanda." Na hayo mapovu je? "Ah, hayo yapo tu, pampu ya zamani."

Yapo tu! Basi ngoja niseme.

1. Mapovu na pH ni habari moja. Maji ya bwawa yana kabonidioksaidi ndani yake na ndiyo inayoishikilia pH isipande. Ukiyachapa maji kwa hewa masaa nane kwa siku, ile gesi inatoroka, pH inapanda, wala hakuna uchawi. Sasa wewe unakuja na dumu la asidi. Asidi inashusha pH, sawa, ila inakula na alkalini pia, ile akiba ya maji inayoituliza pH isiruke, wakati mapovu yanarudisha pH peke yake, alkalini hayarudishi. Ukienda hivyo wiki baada ya wiki, siku unakumbuka kupima alkalini unakuta ppm 40 (gramu kwa kila mita ya ujazo), wakati inatakiwa 80 mpaka 120, na hapo pH inaanza kuruka haina mwenyewe, leo iko chini ya 7 keshokutwa imevuka 8, grauti inaliwa, plasta inakuwa na ukwaru, watoto wanalalamika miguu inachubuka na wewe unamsingizia fundi vigae. Fundi vigae hana kosa. Ni wewe na dumu lako.

2. Hewa inaingia upande wa kuvuta tu, yaani kutoka skima, ule mdomo wa pembeni unaovuta maji ya juu, mpaka pampu. Baada ya pampu kuna presha, kukiwa na tundu litatema maji utaliona. Upande wa kuvuta tundu linanyonya hewa na halidondoshi hata tone pampu ikiwa inazunguka, ukizima ndio panalowa, kwa hiyo acheni kupapasa mabomba mkitafuta unyevu huku mota inanguruma. Anza na vya bure: maji yafike nusu ya mdomo wa skima, kile kimlango cha skima kisikwame, halafu mfuniko wa pampu na oringi yake (ule mpira wa duara), plagi za chini za kutolea maji, yunioni za kuungia bomba, shina la valvu. Oringi inapakwa grisi ya silikoni, siyo mafuta ya mgando uliyoomba kwa dada wa ndani, yanaweza kuivimbisha mpira. Yule kijana wa asidi tulipoinama wote tukakuta plagi ya chini haina oringi kabisa, kaifunga na kipande cha nailoni. Nikamuuliza nani kafanya hivi, akaangalia pembeni.

3. Usichimbe. Hapa ndio kwenye aibu yangu, na mafundi wa zamani wanaoijua washaanza kucheka. Kulikuwa na nyumba Mbezi Beach, bwawa la mita 10 kwa 4, mteja mama mmoja mtaratibu, analipa tarehe moja bila kukumbushwa, mteja wa kuombewa dua. Mapovu yakaanza. Nikabadilisha oringi ya mfuniko, yakapungua siku ile nadhani kwa kunionea huruma, yakarudi. Nikakaza plagi, yapo. Kwenye ule mfuniko wa kioo unaona kabisa maji yameishia nusu, juu hewa inacheza. Na muda wote huo mimi namwaga asidi tu, pH haikai, najiona nafanya kazi. Mwisho nikamwambia mama kwa sauti ya kitaalamu kwamba bomba la chini limepasuka, itabidi tuinue pevingi, vile vitofali vya sakafu ya nje, kutoka skima mpaka chumba cha pampu. Kufunga valvu ya skima nikavuta kwa tundu la chini ya bwawa peke yake nione kama mapovu yanakata, kipimo cha dakika tano kisicho na gharama, sikufanya. Nikaleta vibarua.

Tukachimba. Udongo mkavu, vumbi linapanda, na mtu mwenye akili zake angejiuliza, kama bomba limepasuka na liko chini kuliko maji ya bwawa, usiku pampu ikizimwa maji yanaenda wapi? Mimi nikasema tusogee mbele kidogo. Tukasogea mbele kidogo mpaka ukuta ukatuzuia. Bomba zima kabisa, mpaka gundi kwenye maungio inang'aa. Mama anachungulia dirishani hasemi kitu, afadhali angesema.

Sasa kijana wa bustani akawa anasafisha mchanga tuliouingiza chumba cha pampu, anapiga maji kwa mpira. Maji yalipopita pale bomba linapoingilia pampu, mlio ukabadilika, kile kikohozi kikakata. Nikageuka, kioo kimejaa mpaka juu. Akasogeza mpira, hewa ikarudi. Nikamwambia rudisha hapo. Kikajaa. Toa. Hewa. Ananitazama, "Fundi, kwani ndio hapa?"

Ndio palepale. Ile adapta ya PVC yenye nyuzi inayofungwa kwenye mdomo wa pampu, nyuzi zilikuwa zimesinyaa kwa joto. Na joto lilitoka wapi? Nyuma ya hapo nilifanya bakwashi, yaani kuosha filta kwa kupitisha maji kinyume, nikaondoka bila kuongeza maji, nawahi nyumba nyingine, maji yakashuka chini ya skima, pampu ikazunguka kavu mpaka ikachemka, na PVC na moto haviendani. Yaani niliiharibu mwenyewe kisha nikaja na masururu kuitafuta sehemu nyingine. Adapta mpya na tredi tepu, nusu saa tumemaliza. Pevingi nikazirudisha kwa hela yangu na hazikukaa sawa, masika yalipokuja zikabonyea, na mama akipita na wageni wake anawaonyesha, "hapo fundi wangu alikuwa anatafuta hewa." Bado ni mteja wangu, Mungu ambariki.

Kwa hiyo mpira wa maji, mimina kiungo kimoja kimoja macho yakiwa kwenye kioo, na usiilenge mota.

4. Kipimo kikiwa cheupe siyo lazima klorini imeisha. Klorini ikizidi sana, huko juu ya 10, inaibabua DPD, ile dawa ya kipimo inayogeuka pinki ikikutana na klorini, pinki inatokea kidogo tu halafu inapotea, na wewe macho yalikuwa kwenye simu. Unaona cheupe unaongeza kopo la HTH, ile klorini ya unga, kesho cheupe unaongeza tena, mpaka nguo za kuogelea za watu zinapauka. Ukitia shaka chukua sehemu moja ya maji ya bwawa na nne za maji ya chupa, pima, zidisha kwa 5. Na pigeni hesabu jamani, ppm 1 ni gramu moja kwa kila mita ya ujazo, bwawa la lita 50,000 linataka gramu 50 za klorini kamili, kwa HTH ya asilimia 65 ni kama gramu 77. Unataka kupandisha ppm 2, hiyo ni gramu 150 na kidogo. Hayo "makopo mawili kwa sababu jana kulikuwa na pati" sijui mlifundishwa na nani.

5. Vidonge vya klorini ni vitamu kwa mvivu, ila kila kidonge cha gramu 200 kwenye bwawa la ukubwa huo kinaacha kama ppm 2 za stebilaiza, ile dawa inayoikinga klorini na jua, na hiyo haipungui kirahisi kwa jua wala kwa muda, inapungua hasa ukitoa maji. Stebilaiza ikivuka 100 inaifunga klorini isifanye kazi, kipimo kinasoma vizuri kabisa na bwawa ni la kijani. Shikilia 30 mpaka 50, ukizidi rudi kwenye HTH, ila vidonge na HTH visikae ndoo moja wala visichotwe kwa kijiko kimoja, vikichanganyika vinaweza kuwaka moto au kulipuka, na hapo sina utani.

6. Klorini jioni, siyo saa sita mchana, hasa kama bwawa halina stebilaiza, jua letu linaimaliza kabla hujafika kituo cha daladala. Alkalini kwanza, pH baadaye. Bakwashi geji ya presha ya filta ikipanda psi 8 mpaka 10 juu ya pale inapokaa filta ikiwa safi, na zima pampu kabla ya kugeuza valvu. Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Na kwa nyumba za maji ya kisima, pima chuma kabla ya kupiga shoki, yaani klorini nyingi kwa mkupuo, maana chuma kikikutana na klorini nyingi maji yanageuka rangi ya chai mbele ya mteja, na hapo utaanza kueleza kemia kwa mtu ambaye wageni wake wameshavaa taulo.