Kwa nini mjomba wako habadili msimamo

Ndugu, umeuliza kwa nini mjomba wako hakubali Kiswahili kifundishwe katika shule za Uganda, hata umpe hoja nzito kiasi gani. Mwaka 1960, mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4 na 6 wakisie kanuni iliyozipanga, kwa kutaja namba tatu nyingine na kuambiwa kama zinaifuata. Wengi walijaribu mifano ya kuthibitisha dhana yao tu, ilhali kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Vivyo hivyo, mtu hutafuta yanayounga mkono anachokiamini tayari. Hata hivyo, naamini hapa pana jambo zito zaidi: mzee aliyeizoea lugha hii vinywani mwa askari wa enzi za Amin anatetea machungu yake, na kushindana nawe mbele ya watu ni kulinda heshima yake. Mwulize faraghani aliyoyaona, nawe umsikilize kwanza.