Darcy wa kitabuni na Darcy wa kwenye skrini

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha usomaji kimemaliza riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice (1813). Baadaye tukatazama tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 na filamu ya 2005. Kwa nafasi ya Darcy, yule bwana tajiri mwenye kiburi, wengine wanamtaka Colin Firth wa tamthilia, wengine Matthew Macfadyen wa filamu, na ubishi hauishi. Tuwapimeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wekeni sura zao kando, mfungue kitabu. Chagueni tukio moja ambalo mwandishi amelieleza kwa kina. Hapa ni sura ya 34, Darcy anapomposa Elizabeth Bennet, mhusika mkuu wa kike, mara ya kwanza. Anaingia, anamjulia hali, anakaa, anainuka, anazunguka chumbani, ananyamaza dakika kadhaa, ndipo anasema. Akiisha kukataliwa, anabaki ameegemea meko, macho kwa Elizabeth, uso umempauka kwa hasira, wala hafungui mdomo mpaka aone amejimudu. Orodhesheni vitendo hivyo, kisha tazameni tukio mara mbili: kwanza mkizima sauti, mfuatilie macho na mikono, halafu msikilize bila kutazama. Mwangalieni zaidi wakati anayesema ni mwenzake. Mwigizaji dhaifu hapo husubiri tu zamu yake.

Firth yumo chumbani kama ilivyo kitabuni, na ukimya wake una nafasi. Macfadyen amewekwa nje, kwenye mvua. Uamuzi huo haukuwa wake, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapokosea: wanamkata mwigizaji alama kwa kazi ya mwongozaji. Vilevile, Darcy kujitosa bwawani hakumo kitabuni. Ni kazi ya mwandishi wa skripti, Andrew Davies. Msimwongezee Firth alama kwa hilo.

Kumbukeni pia muda. Tamthilia ina vipindi 6. Filamu haifiki saa mbili na robo. Macfadyen hana nafasi ya kubadilika polepole, kwa hiyo anaonyesha mapema kwamba Darcy ana haya, na anafanya hivyo vizuri sana. Lakini kwa kiburi chenyewe, ambacho ndicho kiini cha mhusika huyu, Firth yuko karibu zaidi na Austen.

SWALI: Je, umri na umbo la mwigizaji lazima vilingane na kitabu?
Mwalimu wa fasihi, Nakuru

JIBU: Pale tu vinapobeba maana. Bi. Bennet, mama yake Elizabeth, ameolewa miaka 23, kwa hiyo huenda ndiyo kwanza ana arobaini na kitu. Brenda Blethyn wa 2005 alikuwa anakaribia 60. Anaigiza kwa ustadi, ila tunasahau kwamba mumewe alimwoa kwa kuvutwa na ujana na uzuri wake.

Bwana Collins, yule kasisi, kwa upande mwingine, kitabuni ni kijana mrefu, mzito, wa miaka 25. Tom Hollander wa filamu ya 2005 ni mfupi na alikwishapita 35, lakini anamweza. Anasifia viazi vya kuchemsha kwa uzito wa mahubiri, kisha anangoja sifa hiyo ipokelewe. Hachekeshi kwa makusudi hata mara moja, na Collins anataka hivyo hasa.